Betri Sita za Eedo Shamso

Nikiitwa Honi hapa Garissa, wageni hudhani niliwahi kuwa dereva wa lori za Modogashe, na mimi huwaacha wadhani hivyohivyo, maana afadhali nisifiwe udereva ambao sikuufanya kuliko kuulizwa aibu niliyoifanya. Wasomali, Mungu awaweke, hawakuachi uishi nao bila jina la utani: ukichechemea utaitwa kwa mguu wako, ukiwa na jicho moja utaitwa kwa jicho, wala si matusi, ni njia tu ya kukutambua katika Abdalla arobaini walioko mtaani. (Mimi ndiye Abdalla, baba na mama wote ni watu wa Lamu, baba aliletwa huku na kazi ya serikali akasahauliwa hukuhuku.) Basi leo nasema yote mara moja, nipumzike, kwa kuwa nimechoka kuulizwa na nimechoka zaidi kujibu uongo.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, Mogadishu imeshavunjika na watu wamemiminika kwetu kwa miguu na kwa malori, na mimi nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio pale mtaa wa Iftin, kibanda cha mabati ambacho ikifika saa saba mchana hata ile risasi ya kulehemu ilikuwa inayeyuka kabla sijaiomba. Jirani yangu alikuwa mama mmoja muuza chai, Eedo Shamso. Eedo ni shangazi kwa Kisomali, na yeye alikuwa shangazi wa kila mtu, hata wa wazee waliomzidi umri. Huko kwao alikuwa mwimbaji, si mwimbaji wa kuimbaimba jikoni, mwimbaji hasa, wa kulipiwa gari aje harusini, na mumewe Farah ndiye aliyekuwa akimpigia kinanda. Walipokimbia walipitia Elwak mpakani, na pale Elwak Farah akashikwa na homa, siku nne, wakamzika. Eedo akafika Garissa na chupa ya chai na kile kinanda kimefungwa kwenye blanketi.

Sasa kinanda chenyewe, ili mnielewe. Vitufe vyake vyote vilikuwa vimekufa, mchanga umeingia, umande umeingia, kimeangushwa kutoka juu ya mkokoteni wa punda, ukibonyeza ni kama unabonyeza meza. Lakini ndani kilikuwa hai. Nilijua kiko hai kwa sababu kulikuwa na kidude kimoja chekundu pembeni, ukikibonyeza hicho, kinanda kinapiga chenyewe wimbo ambao Farah aliupiga na kuuhifadhi ndani yake kabla ya vita, dakika tatu hivi, wimbo mpya aliokuwa amemtungia mkewe, muziki mtupu, unangoja maneno. Maneno Eedo alikuwa nayo. Hakuwahi kuyaimba, kwani wiki ile waliyotaka kuyaimba ndiyo wiki mizinga ilipoanza.

Na wimbo huo ulishikwa na betri. Hapa ndipo pa kusikiliza vizuri. Zilikuwa betri sita zile kubwa za tochi, tumboni mwa kinanda, na kinanda kile ukikizima swichi hakikusahau mradi betri zimo, lakini ukitoa betri na umeme usiwepo, hata kwa kupepesa jicho, kinafuta kila kitu na kuamka kama mtoto mchanga. Betri zikianza kuchoka Eedo alikuwa anakuja kibandani kwangu na kinanda kwapani, nachomeka adapta kwanza, ndipo tunatoa betri moja na kuweka moja, moja na moja, yeye anasoma Bismillahi kila inapoingia. Kwa hiyo msije mkasema sikujua. Katika Garissa nzima mtu aliyejua kazi ya zile betri kuliko wote, ukimtoa mwenyewe, ni mimi.

Kila siku baada ya alasiri, wateja wakipungua, alikuwa akibonyeza kile kidude mara moja tu, anasikiliza hadi mwisho huku anasugua vikombe. Siku moja mimi na ujuaji wangu (nilijifunza kinanda shuleni kidogo, kidogo cha kumharibu mtu) nikamwambia, "Eedo, hapa katikati alikosea, kidole kimeteleza."

"Najua," akasema. "Yeye nalikuwa naangalia mimi. Hakuangalia mkono."

Nikarudi kwenye redio yangu.

Mnaona nilivyoanza kupotea. Mtu ukisikia maneno kama hayo unataka kumfanyia yule mama jambo. Akaja akaniambia binti ya dada yake, Sahra, anaolewa, na dada yake amemwomba aimbe, na yeye amekataa mara tatu, na sasa anafikiri, kama kinanda kingeweza kusema tena, labda angeimba. Mimi, bila kuulizwa wala kushikwa shati, nikasema, "Eedo, niachie mimi."

Nilikuwa na kinanda kingine, mzoga, cha shule fulani, kilinyeshewa kikaoza sauti, hakitoi hata mlio wa mbu. Lakini vitufe vyake vilikuwa vizima na ile bodi inayosoma vidole ilikuwa nzima. Kumbe vinanda vya siku zile vina lugha yao, inaitwa midi, na lugha yenyewe ni ya maneno machache tu: kinanda kimoja kinamwambia mwenzake kwa waya, "anza sauti hii," ukiinua kidole kinamwambia, "acha." Basi. Nikaona hapa nina kiwete mwenye sauti na bubu mwenye vidole, niwafunge pamoja. Nikaing'oa ile bodi na vitufe vyake, nikavipanga upya katika sanduku la mbao la majani ya chai, nikaweka vipande vya mpira wa tairi la baiskeli chini ya vitufe virudi juu, nikalehemu waya wa pini tano kutoka sandukuni hadi kwa kinanda cha Farah. Wiki tatu! Mara nabonyeza kitufe hiki inalia sauti ya kule, mara zinalia zote, mara hailii hata moja na mimi najua kosa ni waya mmoja lakini sijui ni upi, natoboa, nafungua, nafunga, redio za watu zinakaa na wenyewe wanapita wakikohoa mlangoni.

Na ilikuwa na tabia moja mbaya ile mashine. Neno la "acha" likipotea njiani, sauti haikomi. Italia tu. Haina akili ya kujiuliza mbona nalia muda wote huu, itangoja kuambiwa "acha" mpaka siku ya kiyama. Dawa niliijua: bonyeza kitufe kilekile tena, achia, neno linakwenda, inanyamaza. Nikajiona daktari.

Mtaniuliza, wewe fundi wa redio, una kaseti tele, mbona hukurekodi ule wimbo ukawa salama? Kaseti tupu ilikuwepo mezani. Nilikuwa nimeshaiandika hata jina kwa kalamu. Nilisema tutarekodi harusini, muziki wa Farah na sauti ya Eedo juu yake, kitu kamili, kwa nini nirekodi nusu. Msemaji alisema ngoja ngoja huumiza matumbo, mimi ikaniumiza mpaka pasipokuwa na tumbo.

Siku ya harusi ikafika. Sherehe ya wanawake ilikuwa nyumbani kwa dadaye Eedo, kuanzia alasiri, iishe kabla ya magharibi, uani kumefungwa maturubai. Sasa wanawake wakiwa peke yao wanavua mashungi, wanacheza, kwa hiyo mwanamume hana la kutafuta mle, hata akiwa fundi. Wakanitengenezea pembe yangu nyuma ya pazia, upande wangu mimi na sanduku na kinanda, upande wao Eedo na kipaza sauti, na amplifaya, na spika mbili. Jenereta iko nje kwa wanaume, kando ya ukuta. Mipango yetu ilikuwa hivi: nipige kwa sanduku nyimbo mbili za buraanbur, zile tenzi za wanawake za kumsifu bibi harusi, watu wapate joto, halafu nibonyeze kile kidude chekundu, Farah apige mwenyewe, na Eedo aimbe wimbo wake kwa mara ya kwanza.

Nilifika mapema, nikaweka sanduku chini, na dada yake Eedo, Mama Sahra, mwanamke mnene mwenye amri, akainama akanusa. (Yeye p kwake ni b, kama wengi wa huku.) "Abdalla," akasema, "hii sanduku yako nanuka banya."

Nikasema si panya, mama, ni majani ya chai ya zamani na gundi. Akasema bibi harusi hawezi kutoka na harufu ya banya nyuma ya pazia. Sasa mjue, nyumba ya Kisomali haifanyi harusi bila uunsi, yale mavumba ya sukari na ubani na mafuta mazuri yanayochomwa kwenye chetezo cha udongo, na nguo zinatandazwa juu yake mpaka zinukie, na hakuna mtu huku aliyewahi kuona kitu kikaharibiwa na uunsi. Mimi mwenyewe shati langu lilikuwa limetoka juu ya chetezo asubuhi ileile. Kwa hiyo walipolichukua sanduku wakaliinamisha juu ya makaa kama kanzu, nikatazama tu, nikaona ni heshima. Likarudi linanukia pepo. Nikabonyeza vitufe, vikawa vizito kidogo, nikasema ni mpira bado mpya.

Halafu wakawasha jenereta kujaribu, ikapiga kelele moja mbaya, na adapta ya sanduku langu ikatoa moshi ambao haukuwa wa uunsi. Imekufa. Adapta ya kinanda, ambayo ilikuwa nzuri zaidi, ikasalimika. Kwa hiyo kinanda kina umeme, sanduku halina, na sanduku linataka betri sita kubwa.

Duka la karibu limefungwa, mwenye duka ndiye amekaa nje kwenye mkeka anakunywa soda ya harusi. Sokoni ni mwendo wa robo saa, na jua la Garissa saa tisa na nusu mnalijua, hata mbuzi wamelala chini ya magari. Robo saa kwenda, robo saa kurudi. Nikakitazama kinanda cha Farah. Kina umeme wa jenereta. Betri zimo ndani zimelala tu. Nikajiambia, saa moja tu, nikimaliza nazirudisha kabla jenereta haijazimwa, nani atajua? Nikafungua tumbo la kinanda, nikatoa moja, mbili, mpaka sita, bila Bismillahi hata moja. Nikazifunga kwa utepe mweusi wa umeme, nikaziingiza sandukuni, nikafunga skrubu nne. Eedo alikuwa ndani akipakwa hina. Sikumwambia.

Wageni walikawia mpaka jua likaribie kuzama, lakini buraanbur ya kwanza ilikwenda vizuri mno, wallahi. Wanawake wanapiga vigelegele, ardhi inatikisika, na mimi nyuma ya pazia jasho linanitoka huku natabasamu peke yangu kwenye turubai. Ya pili nayo ikaanza vizuri. Kufika ubeti wa tatu nikabonyeza kitufe kimoja cha juujuu, nikaachia, kikabaki chini.

Ile sukari ya uunsi imeshakuwa gundi. Mpira wa baiskeli umelainika kwa makaa, ukashikana na kitufe kama ubani na jino. Na sauti inalia. Mwanzoni wanawake walidhani ni madoido, wakaongeza vigelegele. Mimi nikakivuta kitufe kwa kucha, hakiji. Nikalipiga sanduku kofi, hakiji. Nikalamba kidole nikakipaka mate, nikapuliza, nikasoma ninayoyajua. Sauti inalia tu, ndefu, moja, kali, honi ya lori lililokwama darajani, na vigelegele vikaanza kupungua kimoja kimoja.

Hapo ndipo nikafanya ujuzi. Nikasema nichomoe ule waya kati ya sanduku na kinanda, nikate mazungumzo. Nikachomoa. Sauti ikaendelea. Bila shaka iliendelea, mjinga mimi, kwani sasa hata neno la "acha" halina pa kupita! Nikachukua bisibisi nikakikwangua kitufe, nikakinyanyua kwa nguvu, kikatoka chote mkononi mwangu na mpira wake na kipande cha bodi. Nikarudisha waya. Kitufe kimoja tu duniani ndicho kingeweza kuiambia sauti ile inyamaze, na nilikuwa nimekishika kama jino lililong'olewa.

"Abdalla, kuna nini?" Eedo akauliza kwa upande wa pili wa pazia, taratibu.

"Hakuna neno, Eedo. Natengeneza."

Nje nako wameshasikia. Mzee Dakane, baba wa bibi harusi, ambaye tangu asubuhi hakupenda habari za vinanda, akaja akasimama upande wangu na bakora yake. "Waryaa, kijana! Hiyo kitu ni nini? Saa ya magharibi nafika, watu nachukua udhu!"

"Nazima, mzee. Dakika moja."

"Dakika ya nini? Hakuna swichi?"

Swichi ipo. Kidole changu kilikuwa juu yake. Lakini nikiibonyeza, Farah anakufa mara ya pili, na aliyemuua ni mimi, kwa uvivu wa robo saa. Nikasema, "Mzee, hii haizimwi hivyo." Akanitazama kama mtu aliyeambiwa ng'ombe hachinjwi kwa kisu.

Na hapo muadhini wa msikiti wa pembeni akafungua. Allahu akbar ya kwanza ikatoka, na chini yake honi yangu. Uani kukawa kimya, kimya cha wanawake mia wanaotazamana, na sauti mbili tu juu ya mtaa, na moja ilikuwa yangu. Sijawahi kutamani ardhi ipasuke kwa nia safi namna ile. Wazee wakaja mbio. Mmoja akauliza, "Nani nabiga honi wakati ya adhana? Ni kafiri gani?" Na mwingine akajibu, "Ni Abdalla ya redio," na huzuni ya sauti yake iliniuma kuliko ukafiri.

Kisha Eedo, palepale nyuma ya pazia, mpole kama anayemwambia mtoto, akasema, "Zima tu, Abdalla. Usiogope. Betri ziko."

Nikahisi baridi, Garissa, baridi. Nikaona dawa moja tu imebaki: nizirudishe betri kinandani umeme ungali upo, halafu nizime. Nikafungua skrubu ya kwanza. Bisibisi inateleza. Ya pili. Ya tatu sikuifungua, niliing'oa na ubao wake. Nikazitoa betri, utepe mweusi umelegea kwa joto la mchana, zikaachana mkononi, mbili zikaingia kinandani, moja ikaingia kinyume, na tatu zikaanguka sakafuni zikabiringika, taratibu, kama zina safari zao, zikapita chini ya pazia kwenda upande wa wanawake.

Mtu mwenye akili angeita. Mimi nilizifuata. Nilijitupa kwa tumbo, kichwa na mkono vikapita chini ya pazia, mguu ukanasa kwenye kamba, na pazia lote, na turubai la juu yake, na mti uliolishika, vikaja nami. Mkinilazimisha niseme niliona nini, sikuona kitu, niliona miguu yenye hina na betri moja. Lakini wao waliniona. Mayowe yaliyopigwa pale yaliufunika hata ule mlio wangu. Mashungi yakaruka kutafuta vichwa, sahani ya halwa ikamwagika mgongoni mwangu, bibi harusi akafunikwa na shangazi saba, na Mama Sahra akanishukia na kiatu, akipiga na kusali kwa pamoja. Mimi natambaa. Nimeshaipata betri moja, nanyoosha mkono kwa ya pili.

Mzee Dakane akatoka nje, akasema neno moja kwa yule wa jenereta.

Jenereta ikakohoa, ikakata. Honi ikakata. Adhana ikabaki peke yake, nzuri, safi, mpaka mwisho wake, na mimi nimelala kifudifudi katikati ya harusi ya watu, halwa shingoni, betri mkononi.

Nilipoinua macho Eedo Shamso alikuwa amesimama mbele yangu, mikono yake ina hina mpya. Aliitazama ile betri. Akanitazama. Akageuka akakitazama kinanda kilivyofunuliwa tumbo. Akainama, akaichukua betri kutoka mkononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaenda kuswali.

Baada ya swala jenereta iliwashwa tena, si kwa ajili yangu, mimi nilikuwa nje ya ua tayari, nimekalishwa kwenye mawe na hakuna aliyekaa karibu. Lakini kwa tundu la turubai nilimwona akibonyeza kile kidude chekundu. Taa ikawaka, wimbo haukutoka. Akangoja. Akabonyeza tena, safari hii kwa taratibu, kama labda mara ya kwanza alikuwa amekikosea adabu. Taa ikawaka tu. "Basi," akasema. Kisha, kwa sababu harusi ni ya Sahra wala si yake, akapiga makofi, akaimba buraanbur kwa mdomo mtupu, wanawake wakamwitikia, akaimba vizuri. Wimbo wa Farah hakuugusa.

Nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imenitangulia, na mama yangu, ambaye hajawahi kushika bisibisi maishani mwake, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, si ungekata tu ule waya wa kwenda kwenye spika?"

Niliuona waya ule akilini. Mwekundu na mweusi, ulipita karibu na goti langu muda wote. Koleo lilikuwa mfukoni.

Siku ya tatu nikapata nguvu ya kumwendea Eedo. Nilikuwa nimenunua betri sita mpya, zile ghali, bado ziko kwenye karatasi zake. Nikaziweka mezani kati ya vikombe. Nikamwambia, "Eedo, nisamehe, nilizitoa mimi, nilikuwa mvivu wa kwenda sokoni." Nilimwambia vivyo hivyo, bila kupamba. Akaendelea kusugua kikombe. Halafu akazisukuma kwangu kwa kidole kimoja.

"Betri ya kushika nini?" akasema.

Nikazichukua nikaondoka. Miezi miwili nilikunywa chai yangu kwa mtu mwingine, mbali, na ilikuwa chai mbaya, na mtaani nimeshakuwa Honi, watoto wa madrasa wakipita kibandani wananipigia ile sauti kwa pua.

Mwenyewe ndiye aliyekuja. Alasiri moja alisimama mlangoni, kinanda kwapani, akasema, "Tengeneza sanduku yako. Mimi nashika wimbo kwa kichwa." Nikatengeneza, safari hii kwa nyembe na spiriti na subira, kitufe kwa kitufe. Akakaa kwenye stuli, akanisomea wimbo kwa kuguna, kipande kwa kipande, nikaufuata, nikaunasa, kwani dakika tatu zile nilizisikia kila siku kwa mwaka mzima nikidhani sisikilizi. Nikaupiga wote. Nikamtazama.

"Nabiga safi," akasema. "Safi kushinda Farah." Akavielekezea vitufe kidole. "Bale katikati, kosea."

Nikakosea.

"Siyo hiyo. Hiyo ni kosa yako."

Nikakosea namna nyingine. Akatikisa kichwa. Tulikaa mpaka jua likashuka, mimi nakosea kwa kila kidole nilichonacho, yeye anatikisa kichwa, hana hasira, amechoka tu, na mimi nimechoka, na mwisho akasema asante, Abdalla (yeye hakuwahi kuniita Honi), akaenda kufunga chai yake.

Sasa yuko Nairobi kwa mwanawe, na kinanda aliniachia. Mimi nimeapa: betri ya mtu siitoi bila mwenyewe kusimama hapo anione, hata iwe ya saa ya ukutani iliyokufa, na mteja akileta kitu chenye sauti ndani yake narekodi kwanza, bure, kabla sijashika skrubu. Watu wanacheka, wanasema Honi amekuwa mwoga. Wacha wacheke. Baada ya alasiri nikiwa peke yangu nakiwasha, naupiga ule wimbo kwa sanduku langu, na kila nikikaribia pale katikati nageuza macho niangalie mlangoni, nisiuangalie mkono, labda kidole kitateleza. Hakitelezi. Nafika pale, napatia.